Sahani ya Mafuta ya Ubongo

Mtu yule aliingia maabara bila kubisha, amevaa buti za mpira zenye tope lililokauka, na neno lake la kwanza lilikuwa jina langu.

"Nasike ni nani hapa?"

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Calvince, fundi wetu wa mitambo, alimtazama miguuni kabla ya kumtazama usoni.

"Mzee, humu hatuingii na viatu vya shamba."

"Nivue? Soksi zina matundu. Utaona haya wewe, si mimi."

Calvince akacheka. Mimi nikasimama. Nilidhani ameleta majani, kwa maana watu walikuwa wakituletea majani, mizizi na magome tangu tulipofungua maabara yetu ndogo kwenye ghala la zamani la pamba, karibu na bandari ya Kisumu. Lakini hakuwa na gunia. Alikuwa na chupa ya soda ya nusu lita iliyojaa maji ya kahawia, na aliishika kwa mikono miwili.

"Naitwa Absalom Obonyo. Naendesha trekta ya miwa huko Muhoroni. Mama Milka wa Kisian ameniambia kuna msichana wa maabara, nyar Bungoma, binti wa huko, aliyemwambia dawa yake inafika mpaka kwenye ubongo. Nimekuja kumwona huyo mtu kwa macho yangu, nimshukuru."

Ni kweli nilimwambia.

Maabara yetu ilikuwa na swali moja tu: je, dawa itapita? Dawa inaweza kuwa nzuri ajabu na bado isimsaidie mgonjwa, kama haiwezi kufika inapotakiwa. Kila chembe hai ya mwili imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta, na ubongo una ukuta wake mkali kuliko kuta zote. Kazi yangu ilikuwa kutabiri kwa kompyuta ni kampaundi zipi zitapenya na zipi zitagonga na kurudi. Nilikuwa nimeandika programu inayotazama molekuli ilivyo: ukubwa wake, inavyopenda mafuta au maji, ina chaji ya umeme au haina. Kisha tulihakikisha utabiri huo kwa sahani ya plastiki yenye vishimo tisini na sita. Kila kishimo kina kichujio kilichopakwa mafuta ya ubongo. Dawa inawekwa juu ya kichujio, maji safi chini yake. Baada ya saa tano, ukiikuta dawa kwenye maji ya chini, imepita.

Mama Milka, mganga wa mitishamba, alitupa dawa yake ya kifafa kwa moyo mweupe. Alituletea majani mabichi, na pia dawa yenyewe aliyokwisha kuichemsha, tukaikausha ikawa unga, kwa sababu tulikuwa tumekubaliana kupima kile ambacho watu hunywa kweli. Ndani yake tulipata kampaundi moja tuliyoiita M-7. Programu yangu ilisema M-7 haitapita ukuta wa ubongo. Sahani ikasema imepita, tena vizuri mno. Mimi niliiamini sahani. Niliifundisha programu upya, nikairekebisha hapa na pale, mpaka nayo ikakubali. Dakta Celestine, mkuu wetu, aliwaandikia wafadhili, nao wakaahidi kuja Jumatatu. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi huo, na kuongezwa kwake kulitegemea watakachokiona.

Na kwa furaha yangu nilimpigia Mama Milka simu. "Mama, dawa yako inapita ukuta wa ubongo." Sikusema, kwenye sahani.

"Ni mtoto wako anayeugua?" nilimwuliza Absalom.

"Dolphine. Ana miaka kumi na saba, yuko Form Four. Vidonge vya kliniki vinamzuia kuanguka, lakini vinamlaza. Mwalimu anaongea, yeye kichwa kiko kwenye dawati. Mtihani umebaki wiki tatu. Kwa hivyo Jumanne nikasimamisha. Sasa anakunywa hii peke yake, asubuhi na jioni." Akainua chupa. "Na yuko macho! Jana amemaliza kitabu chote cha biolojia."

"Tangu Jumanne hajameza hata kidonge kimoja?"

"Hata kimoja."

Nilimwuliza jina la vidonge. Alinitajia fenobabito. Ubongo uliozoea kushikwa na dawa ile kila siku, ukiachiwa ghafla, unaweza kumletea mgonjwa degedege moja juu ya jingine bila kupumzika. Watu hufa hivyo. Anayeikaribia hatari hiyo hana habari. Anaamka, anasoma biolojia, anajiona amepona.

"Baba Dolphine, mrudishie vidonge. Leo. Sasa hivi."

Tabasamu lilimtoka. "Kwa nini? Dawa inapita au haipiti?"

"Ilipita kwenye sahani. Hatujui kama inapita kwa mtu. Na hata ikipita, bado hatujui itafanya nini ikifika."

"Mbona hukumwambia Milka hivyo?"

Nilichukua sahani tuliyokwisha kuitumia nikamwonyesha, nikidhani akiona atanielewa. Aliinamia vishimo vile vidogo.

"Haya mafuta ya ubongo ni ya nani?"

"Ya nguruwe."

Alirudisha mkono kama aliyeguswa na moto. "Nguruwe! Dada, mimi ni Msabato. Dawa ya mtoto wangu mnaipimia nguruwe?"

"Mzee, hatumlishi mtu," Calvince alidakia. "Tunaazima ubongo tu."

"Wewe naona uliazima kitambo, hujarudisha."

Calvince alikubali kushindwa. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa naitazama ile chupa.

"Unaichemshaje?"

"Kama Milka alivyonionyesha. Majani konzi mbili, maji sufuria moja, inachemka mpaka inabaki nusu."

"Basi?"

"Basi." Akafikiri. "Na magadi kidogo, ya kulainisha. Lakini hiyo si kitu. Hiyo kila mtu anaweka."

Nilikumbuka fomu ya maelezo ya dawa. Nilimjazia Mama Milka mimi mwenyewe, tumeketi nje ya kibanda chake pale Kisian. Kwenye mstari wa viungo nilimwuliza, "Unaweka nini kingine?" akasema, "Hakuna kingine." Nikaandika: majani, maji. Hakunidanganya. Huku kwetu nani anahesabu magadi? Mboga ya osuga isiyo na magadi ni adhabu. Kwetu Bungoma mama yangu alichuja maji kwenye majivu akapikia mrenda, na ungemwuliza ndani ya sufuria mna nini angekujibu: mrenda. Nilikulia kwenye ladha hiyo. Unga wa Milka ulipotoa povu kidogo nilipoutia majini, sikuona kitu kigeni. Nilipima asidi ya maji kabla ya kutia unga. Baada ya kuutia, sikupima.

Nilivuta karatasi ya kupimia asidi nikaichovya kwenye chupa ya Absalom. Iligeuka bluu kama wino.

"Hiyo bluu ni nini?" aliuliza.

"Ni magadi."

"Si nimekuambia?"

Nilimketisha kwenye kiti changu nikamweleza polepole. M-7 ikiwa kwenye maji yaliyo kama damu yetu hubeba chaji, na kitu chenye chaji hakipiti kwenye mafuta. Ukitia magadi, chaji inatoka, nayo inateleza kwenye mafuta kama iko kwao. Kwenye sahani. Lakini mtu akiinywa, asidi ya tumbo huyamaliza magadi kabla hayajafika popote, na damu haikubali hali yake kugeuzwa. M-7 huirudia chaji yake, nayo hugonga ukuta.

"Kwa hivyo haipiti," alisema.

"Naogopa kwamba haipiti."

"Unaogopa au unajua?"

"Naogopa."

"Hata mimi naogopa. Naogopa kifafa, naogopa mtihani, naogopa hivyo vidonge. Kuogopa si jibu." Alisimama, na sauti yake ikapanda. "Watu waliniambia. Walisema nenda kwa hao, watageuka mbele yako. Leo dawa haifai, mwaka ujao tunaiona kwa duka la dawa, ndani ya boksi lenye jina la mzungu. Wiki tatu zilizopita ilikuwa inapita. Leo mimi nimekuja, imeacha kupita?"

"Nipe mpaka kesho," nikasema. "Nitapima tena bila magadi. Jibu nitakupa mimi mwenyewe, wewe kabla ya mtu mwingine yeyote wa nje. Likiwa zuri nitakupigia, likiwa baya nitakupigia. Lakini mpaka hapo Dolphine ameze vidonge vyake."

Alifunga kifuniko cha chupa yake.

"Kesho ni Ijumaa. Jua likizama Sabato imeingia, na mimi Sabato sishiki simu. Nipigie kabla. Jua likizama na hujapiga, nitajua mmeficha. Vidonge vyote namwaga chooni, na Jumamosi kanisa linamwombea mtoto aanze na dawa ya Milka. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Alipiga simu nyumbani pale pale. Kijaluo changu ni cha sokoni, lakini nilisikia *yath*, dawa, na nilisikia *kawuono*, leo. Kisha akanipa mkono, akachukua chupa yake, akatoka na buti zake.

"Sasa?" Calvince aliuliza.

Sasa ilikuwa hivi: sahani mpya ilikuwa imebaki moja. Zinatoka ng'ambo, na huchukua wiki sita kufika. Hiyo moja ilikuwa imewekewa wageni wa Jumatatu, Dakta Celestine aifanyie kazi mbele ya macho yao. Naye alikuwa Nairobi kwenye mkutano. Nilimpigia mara tatu, nikaambiwa mteja hapatikani. Nikamwandikia ujumbe mrefu juu ya magadi, nikaufuta, nikaandika mfupi: *Nadhani matokeo ya M-7 si sahihi. Nahitaji sahani.* Jibu lilikuja saa kumi na moja jioni. *Usiguse sahani. Nafika kesho alasiri, tutaongea.*

Ijumaa asubuhi nilifika kabla ya mlinzi kumaliza kufagia. Nilitoa sahani kwenye friji, nikaiweka mezani, na kwa dakika kadhaa sikufanya lolote. Calvince alinikuta hivyo.

"Bosi si alisema usiguse?"

"Nimesoma."

"Na unaigusa."

"Toka nje, Calvince. Uwe hukuona."

"Nitoke, na hii mashine nani atakuwashia? Siku ya kwanza wewe si ulichomeka waya yake kwa soketi ya birika?" Alivaa glavu, akavuta kiti. "Sema unataka nini."

Nikafungua mfuko wa sahani. Kazi yenyewe haina kelele. Unadondosha tone la mafuta kwenye kichujio, unahama kishimo, unadondosha lingine, na tone likikosea mahali, kishimo kimekufa. Safu moja nilitia unga wa Mama Milka jinsi ulivyokuja. Safu ya pili, unga uleule, ila niliyamaliza magadi kwa asidi, ukarudi kwenye hali ya damu, nikapima, nikapima tena. Safu ya tatu, majani mabichi tuliyoyaweka kwenye barafu, niliyoyachemsha mimi kwa maji matupu. Nikaongeza dawa mbili tunazozijua vizuri, moja inayopita na moja isiyopita, ili sahani isije ikatudanganya tena.

Ilibaki safu moja tupu. Kwenye kabati la dawa za kulinganishia tulikuwa na fenobabito. Nikaitia humo.

Saa nne na nusu nilifunika sahani. Kuanzia hapo hakuna cha kufanya ila kungoja, na kungoja ndiko kulikonishinda. Niliosha vyombo vilivyokuwa safi. Nilisoma mkataba wangu, ukurasa wa tatu, mahali nilipotia saini kwamba matokeo hayatoki nje bila idhini ya mkuu wa maabara. Nilikuwa na miezi kumi na moja tangu nihitimu. Nilikuwa nimemwambia mama yangu kwamba safari hii nimepata kazi ya kudumu, kazi ya kusaidia watu.

Saa saba simu ilitetemeka. Ujumbe wa Absalom: *Amemeza jana na leo. Analala. Mwalimu amempigia mama yake kulalamika. Nangoja.*

Saa tisa na nusu tulifunua. Calvince aliwasha mashine ya kusomea, nayo ikaanza kumeza sampuli, moja baada ya nyingine, kila moja dakika chache. Kwenye skrini, dawa ikiwepo, mstari hupanda kama kilima. Isipokuwepo, unabaki umelala.

Unga wa Milka kama ulivyokuja: kilima kikubwa, kilekile kilichonitoa machozi ya furaha mwezi uliopita.

Unga uleule katika hali ya damu: mstari ulilala.

"Rudia," nikasema.

Calvince akarudia. Ukalala. Kishimo cha pili, cha tatu. Majani mabichi, yote, yakalala. Dawa inayopita ilipita, isiyopita haikupita. Sahani ilikuwa nzima, na jibu lilikuwa lile lile ambalo programu yangu ilinipa siku ya kwanza, kabla sijaifundisha kunikubalia.

Fenobabito ilikuwa ya mwisho. Kilima kidogo, cha taratibu. Lakini kilima.

Sikumsikia Dakta Celestine akiingia. Nilihisi tu Calvince akisimama wima, na nilipogeuka alikuwa mlangoni, begi la safari begani, akiitazama sahani iliyofunuliwa.

"Nilikuandikia maneno mawili, Nasike."

"Ndiyo, Dakta."

"Jumatatu nitawaonyesha wageni nini? Mikono yangu?"

Nilimpa karatasi. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akaweka begi chini, akaketi, akaisoma tena kuanzia juu. Ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa hapa hapa, aliyesoma mbali na kurudi wakati wenzake walibaki huko. Nilimwona akifika kwenye safu ya pili. Alifunga macho.

"Magadi," alisema. "Nilionja ule unga, unajua? Siku tulipoukausha. Nilitia kidole, nikakuambia una ladha ya nyumbani."

"Nakumbuka."

"Ladha ya nyumbani!" Aliipiga meza kwa kiganja, si kwa nguvu. Halafu nikamwona akirudi kuwa mkuu wa maabara. "Sawa. Jumatatu nitawaambia wageni mimi mwenyewe, kwa utaratibu. Mpaka hapo hakuna neno linalotoka humu."

"Kuna mtu nimemwahidi jibu kabla jua halijazama."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Nikamweleza yote: simu niliyompigia Mama Milka, Absalom, Dolphine, Sabato, vidonge. Alisikiliza bila kunikatiza, na uso wake ulizidi kuchoka.

"Kwa hivyo ulishavujisha matokeo mara moja," alisema, "na sasa unataka kuvujisha mara ya pili ili kuziba ya kwanza."

"Ndiyo."

"Ukimpigia huyo baba leo, Milka atajua kabla ya kulala. Kesho Kisian yote. Jumatatu wageni watasikia getini kabla hawajasikia kwangu. Nani atawapa pesa watu wasioweza kufunga mdomo? Kuna dawa nyingine kumi na mbili kwenye friji hiyo, na kuna wagonjwa nyuma ya kila moja."

"Basi nipe idhini, Dakta. Tia saini."

"Nitie saini kitu nilichokisoma dakika tano? Cha kwanza nilitia saini baada ya dakika tano, ona." Akainua karatasi. "Nipe Jumamosi na Jumapili nikikague. Huyo baba mwambie tu arudi kliniki, hilo halihitaji matokeo."

"Nilimwambia jana. Anataka jibu. Hatarudi kwa sababu ya hofu yangu, atarudi kwa jibu. Jumatatu vidonge vitakuwa chooni."

Calvince alikuwa akiitazama sakafu. Nje, lori lilipita likielekea bandarini, vioo vya dirisha vikatetemeka.

Dakta Celestine alivua miwani akaifuta kwa upindo wa blauzi, muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Una karatasi uliyotia saini na una neno ulilompa mtu. Siwezi kukuchagulia. Lakini ukipiga simu hiyo, acha kadi yako ya mlango hapa mezani kwanza. Mkataba wako siwezi kuutetea tena, hata nikitaka. Sikutishi, mwanangu. Nakuambia ilivyo, ili usije ukasema hukujua."

Nilijua. Niliivua kadi shingoni. Picha yangu juu yake ilikuwa ya siku ya kwanza, nacheka kama aliyepewa dunia. Niliiweka kando ya sahani, nikachukua simu, nikatoka.

Saa kumi na mbili kasoro dakika tatu. Nilisimama nyuma ya ghala, mahali ambapo unaliona ziwa kati ya matangi mawili ya mafuta. Jua lilikuwa limeshuka, limekuwa jekundu. Nikapiga.

*Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.*

Nikangoja dakika moja. Nikapiga tena. Hapatikani. Nilimwandikia ujumbe: *Nipigie.* Haukufika. Nikafikiria kuandika jibu lote kwenye ujumbe na kumaliza, lakini nilikuwa nimesema nitapiga, na maneno kama yale ukiyasoma peke yako kwenye kioo cha simu unaweza kuyasoma utakavyo. Saa kumi na mbili na dakika nne. Na dakika saba. Kila nilipobonyeza nilimwona Absalom akitazama magharibi, na mkono wake kwenye kopo la vidonge. Dakika ya kumi na moja simu iliita. Iliita mpaka nikadhani itakatika.

"Nasike!" Kulikuwa na upepo na ngurumo ya injini. "Ngoja. Nimepanda juu ya shehena ya miwa kutafuta network, mpaka dereva mwenzangu anauliza kama nataka kuhubiri. Sema haraka. Jua liko hapa."

"Haipiti, Baba Dolphine."

Injini ilinguruma juu ya maneno yangu.

"Sema tena."

"Dawa ya Mama Milka haipiti ukuta wa ubongo. Ilipita kwenye sahani kwa sababu ya magadi. Nimeyaondoa, haipiti. Nimepima mara tatu. Kosa ni langu, si la Mama Milka. Yeye hakusema uongo. Mimi sikuuliza vizuri."

"Na ile kompyuta yako? Milka alisema una kompyuta inayojua kabla."

"Ilisema haitapita, tangu siku ya kwanza. Mimi nikaibadilisha ili ikubaliane nami."

"Ilisema kweli, ukaichapa mpaka ikasema uongo."

"Ndiyo."

Alitoa sauti iliyokuwa nusu kicheko. "Kama mwalimu wa zamani." Halafu sauti yake ikashuka. "Mtoto wangu alikuwa macho, Nasike. Siku mbili. Alikuwa ananiongelesha kama zamani."

Nikamwambia nililokuwa nalo.

"Vidonge vya hospitali nilivitia kwenye sahani hiyo hiyo. Vinapita. Polepole, lakini vinapita. Jumatatu mpeleke kliniki, umweleze daktari usingizi, umweleze mtihani. Dawa nyingine zipo. Ila abadilishe yeye, kidogo kidogo. Usisimamishe mwenyewe tena."

"Vinapita kwenye mafuta ya nguruwe."

"Kwenye mafuta ya nguruwe."

"Mungu anisamehe." Alivuta pumzi. "Bosi wako amekubali uniambie haya?"

"Hapana."

"Atakufanya nini?"

"Ameshafanya."

Injini ilizimwa upande wake. Nikasikia watu wakiongea kwa mbali na miwa ikikwaruzana chini ya buti zake.

"Ngoja nishuke," alisema. "Kidonge chake ni cha saa moja. Sabato itakuwa imeingia, lakini kumpa mtoto dawa si kazi." Miwa ikakwaruzana tena. "Umepiga, nyar Bungoma. Mke wangu alisema hutapiga."

Simu ikakatika. Saa kwenye kioo ilionyesha kumi na mbili na dakika kumi na tisa, na jua lilikuwa bado halijagusa maji.